Jina la Aliyetendewa Jinai Mbele ya Mahakama

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, si mji mkubwa. Mtu akiitwa mahakamani asubuhi, jioni habari imekwisha kufika sokoni, na baada ya siku chache imewafikia hata warina asali walioko porini. Katika mahali kama hapa yafaa tujifunze sheria yasemaje juu ya jina la mtu aliyetendewa jinai, hasa jinai ya kubakwa. Maana wako wazazi wanaoacha kushtaki, si kwa kumhurumia mkosaji, bali kwa kuogopa jina la binti yao lisitembee vinywani mwa watu.

Desturi ya mahakama ni kufanya kazi yake hadharani. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa hukumu itolewayo gizani haiaminiwi. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kama ilivyorekebishwa mwaka 1998 na sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, imeweka mpaka. Yaamuru kwamba katika kesi za makosa hayo ushahidi wote upokewe faraghani, tena ushahidi huo na mashahidi wake wasitangazwe katika gazeti wala chombo kingine cha habari. Amri hiyo yatuhusu sisi wa magazeti kabla ya mtu mwingine yeyote.

Pengine msomaji atauliza: Je, mshtakiwa naye hafichwi jina la anayemshtaki? La, hafichwi. Yeye husikia ushahidi wote, naye ana haki ya kumhoji shahidi, mwenyewe au kwa kinywa cha wakili wake, kwa sababu Katiba katika ibara ya 13 yamhakikishia kusikilizwa kwa haki, kama vile ibara ya 16 inavyolinda faragha ya kila mtu. Kumficha shahidi asijulikane hata na mshtakiwa ni jambo lingine kabisa, zito zaidi, wala tusilichanganye na hili. Hapa anayezuiwa ni yule asiye na shughuli na kesi, aliyekuja kutazama.

Na ulinzi huu una faida kwa haki yenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba katika kesi ya ubakaji ushahidi ulio bora hutoka kwa aliyetendewa. Basi, akinyamaza kwa aibu, kesi itasimama juu ya nini? Uingereza ililiona jambo hili mwaka 1976, ilipokataza magazeti kutaja majina ya wanawake walioshtaki kubakwa. Na Umoja wa Mataifa katika Azimio lake la mwaka 1985 ulizitaka nchi zilinde faragha ya waliotendewa jinai.

Lakini sheria yetu iliacha mlango mmoja wazi. Iliruhusu habari za kesi hizo kuchapwa katika vitabu vya hukumu na katika majarida ya wanasheria na waganga. Zamani vitabu hivyo vilikaa katika maktaba chache za mjini. Siku hizi hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu husomwa bure katika tovuti ya TanzLII, na kijana mwenye simu aweza kuzifungua akiwa chini ya mwembe. Hapo ndipo yaonekanapo manufaa ya Waraka wa Jaji Mkuu Na. 2 wa mwaka 2018, uhusuo kufichwa kwa utambulisho wa waliotendewa jinai. Msomaji wa hukumu za sasa atakuta mahali pa jina pameandikwa herufi tupu, au neno "mwathirika". Hukumu za zamani zenye majina kamili bado zipo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Tena herufi peke yake hazitoshi katika nchi ya vijiji. Ukiandika "mwanafunzi wa darasa la sita", ukataja shule yake na kijiji chake, kila mtu kijijini amekwisha kumjua. Na ikiwa mshtakiwa ni baba mzazi, kumtaja baba ni kumtaja mtoto. Twaona kwamba karani, mwandishi wa habari na hata mwalimu atoaye taarifa yapasa wajiulize si tu, "Je, nimelitaja jina?" bali, "Je, jirani akisoma atamtambua?"

Mzazi apelekaye shauri la namna hii aanze kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako maelezo huchukuliwa mbali na kaunta ya watu wote. Apewe Fomu Namba 3 ya polisi kwa ajili ya daktari, naye asiitoe mkononi wala asikubali ipigwe picha. Siku ya kesi, akiona watu wasiohusika wameketi ndani ya chumba wakati wa ushahidi, amwambie mwendesha mashtaka mapema, kabla mtoto hajaanza kusema, ili hakimu awatoe.