Dondoo muhimu: mbegu zisizojifungua zenyewe

Mwenye kutaka mbegu za msonobari wa Mexico, yaani Pinus patula, uliopandwa kwa wingi katika misitu ya serikali ya Elburgon na Molo, asingoje koni zifunguke kwa hiari yao, maana huweza kubaki mtini miaka kadhaa zimefumba, magamba yake yamegandishwa kwa utomvu usiolainika ila kwa joto, na huko kwao moto wa msitu ni miongoni mwa wafunguaji wake. Achume zilizogeuka rangi ya kahawia, aziache zilizokwisha kupauka, kisha azianike juani juu ya turubai. Na ikiwa ukungu wa Molo haumpi jua, azitumbukize katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika hivi, azitoe, azikaushe karibu na meko, hadhari zisiungue. Magamba yakishatanuka, azikung'ute apate mbegu ndogo zenye bawa jembamba mithili ya karatasi, bawa ambalo huondoka kwa kusuguliwa viganjani.

Amma maganda ya mgunga yaliyojisokota, yaokotwayo upande wa Baringo, hayo hayapasuki, bali humngoja mnyama ayale. Basi yatwangwe kinuni polepole, na mbegu yenye tundu itupwe, kwani fukusi amekwisha kuitangulia. Zilizo nzima zimwagiwe maji yaliyotoka kuchemka, zilale humo usiku kucha. Mfuga mbuzi anayo njia nyepesi zaidi, nami naipendelea: achambue samadi ya zizini, humo atazikuta baadhi zimepita tumboni salama.