Saa Inayokimbizana na Nyota: Somo la Gia Juu ya Paa la Kariakoo

Tuseme umeazima darubini, ukapanda nayo juu ya paa la ghorofa Kariakoo. Taa za mtaani zitakusumbua, lakini kitakachokukera zaidi ni nyota kukimbia. Unailenga, unamwita mwenzako aje aone, akiweka jicho haipo! Ukikuza mara 100, unaona kipande cha anga cha kama nusu digrii. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Piga hesabu: nyota inavuka kipande hicho ndani ya dakika 2.

Fraunhofer, fundi wa lenzi wa Ujerumani, alilimaliza tatizo hilo kwa saa. Darubini yake yenye lenzi ya sentimita 24 ilifika Dorpat (leo Tartu, nchini Estonia) mwaka 1824. Uzito unaoshuka taratibu ulizungusha gia, gia zikazungusha skrubu, na skrubu ikasukuma gurudumu la meno kwenye mhimili wa darubini. Hujawahi kuona skrubu ikisukuma gurudumu? Angalia vifunguo vya kukazia nyuzi za gitaa. Skrubu ikizunguka mara moja, gurudumu linasogea jino moja tu.

Sasa swali la mtihani. Gurudumu lina meno 360. Skrubu izunguke mara moja kwa muda gani? Wengi watajibu dakika 4. Wamekosa kidogo. Saa 24 ni za jua. Nyota hurudi pale pale baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa hiyo jibu ni sekunde 239.3. Usidharau hiyo sekunde 0.7: baada ya saa moja darubini imeachwa nyuma kwa karibu mara tatu ya upana wa sayari ya Mshtarii.

Jambo lingine: saa ya ukutani inakwenda tik-tik. Ukiifunga kwenye darubini, nyota itarukaruka. Ndiyo maana Fraunhofer aliweka vyuma vinavyozunguka; mwendo ukizidi vinatanuka, vinasugua ukuta wa kasha lake, na mwendo unapungua. Hakuna kuruka.

Kwa wanaofikiria mradi wa mwaka wa mwisho, hapa ndipo pa kuwa makini. Mhimili lazima uelekee ncha ya anga. Tartu umeinuka digrii 58, ukitazama kaskazini. Dar es Salaam ni digrii 6.8 tu, ukitazama kusini, yaani karibu umelala. Stendi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya haziinami kiasi hicho, na mota nazo huja zimepangwa kuzunguka upande wa kaskazini. Huku kwetu lazima zigeuzwe. Ukisahau hayo mawili, utailaumu mota bure.

Kabari ya chuma ya digrii 6.8 si kitu cha kuagiza nje. Chora vizuri, andika vipimo, kisha shuka Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea. Wao watakupa chuma. Pembe ni kazi yako.