Msongo wa Mawazo kwa Kijana Anayeingia Chuoni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu mliomaliza kidato cha sita, somo hili linawahusu ninyi na wazazi wenu. Kila mwaka tunawasindikiza vijana wetu kwa dua na furaha, na kila mwaka wapo wanaorudi likizo ya kwanza wamenyong'onyea, hawataki kuulizwa habari za masomo. Wengi wao hawakupungukiwa na akili wala imani. Wamekutana na maisha ambayo hatukuwaandaa nayo.

Shuleni kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na masomo matatu ya tahasusi. Chuoni hakuna wa kukuamsha, na katika ukumbi wa mamia ya wanafunzi mhadhiri hajui kama umekuja au hukuja. Aliyezoea kuwa wa kwanza anajikuta amezungukwa na wa kwanza wenzake kutoka kila mkoa. Hapo kifua huanza kubana, usingizi hupotea, na swala ya Alfajiri hupita.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kuomba kinga ya Allah kutokana na mambo haya kwa pamoja: wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, uoga na ubahili, uzito wa deni na kuzidiwa nguvu na watu. Tazameni yalivyopangwa. Wasiwasi na uvivu ni majirani, na deni halikuachwa nje. Ndivyo tunavyoona kwa vijana wetu: kazi inaahirishwa, wasiwasi unaingia, na kwa sababu ya wasiwasi kazi inaahirishwa tena.

Basi anzeni na kazi. Katika vyuo vyetu vingi, mazoezi na majaribio ya muhula hubeba alama 40 kati ya 100. Anayezikusanya mapema huingia kwenye mtihani na moyo mwepesi. Anayengoja wiki ya mwisho hukesha, kisha akapata "supu". Mtume (S.A.W.) alichukia mazungumzo baada ya Isha. Wanazuoni wameruhusu mazungumzo ya elimu, lakini hatudhani kwamba simu ya saa nane usiku imo humo!

Ama deni, mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hulipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Na hela ya kujikimu huja kwa mafungu. Igaweni kwa wiki siku ile ile mnapoipokea, kabla ya kununua kiatu au simu. Mwenye njaa hasomi.

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria (934), aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Alishauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu, azitumie dhiki ikimfika, kama wanavyoweka watu dawa nyumbani. Ni nasaha ya kufanyia kazi leo. Andikeni katika daftari, mkiwa bado nyumbani, kwa nini mnakwenda kusoma na ni nani mtampigia simu mambo yakiwa mazito.

Nanyi wazazi, huenda mmeuza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya mtoto. Analijua hilo, msimkumbushe kila simu. Muulizeni amekula nini na anaswali na nani, matokeo yafuate baadaye. Wala msimwambie mwenye msongo kwamba imani yake ni ndogo. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Allah.

Dhiki ikiendelea kwa wiki kadhaa, hali, halali wala haendi darasani, aende kwa mshauri wa wanafunzi chuoni au hospitali, pamoja na dua. Na akitamka kwamba bora afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mfuateni huko huko aliko.

Wabillahi tawfiq.