Uzito Ukibadilika Bila Sababu: Kwa Wakazi wa Kigonsera na Vijiji Jirani

Msimu wa kuandaa mashimo ya ngoro shambani, mkulima wa Umatengo hupungua kidogo kwa kazi ya jembe, na mavuno yakiingia mwili hurudi. Hapo hakuna ugonjwa. Cha kuhofia ni uzito unaoshuka wakati chakula ni kilekile na kazi ni ileile. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 au zaidi ndani ya mwaka bila kukusudia, afike zahanati.

Wengi hawafiki, wakiogopa maneno ya watu. Mtu akikonda, mtaa humpa UKIMWI au uchawi kabla hajapimwa, naye hujificha ndani huku akizidi kudhoofika. Minong'ono hiyo inaua. Kukonda pamoja na kikohozi cha wiki mbili, homa na jasho la usiku huenda ni kifua kikuu: dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Kiu kali na kukojoa mara kwa mara huashiria kisukari, ambacho huwapata wembamba pia. Ziko sababu nyingine, kama minyoo, saratani, sonona, hata tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Na kama ni VVU kweli, anayemeza ARV kila siku bila kukosa aghalabu hurudisha mwili wake.

Kunenepa nako kuna sababu zake. Siku hizi safari ya kwenda Mbinga ni ya bodaboda, na soda na chipsi vimefika hadi gulioni. Pombe ya komoni nayo inanenepesha, ingawa wanywaji huihesabu kama maji. Dona, maharage, mboga za majani na dagaa wa Nyasa vinatosha kulisha familia vizuri; mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa.

Hata hivyo, msimcheke mtu mnene. Tezi ya shingo ikilegea, mwili huongezeka. Baadhi ya dawa pia huongeza uzito, ikiwemo sindano ya uzazi wa mpango kwa baadhi ya akina mama. Usiache dawa kimyakimya. Mweleze mhudumu akutafutie nyingine.

Uzito ukipanda ndani ya siku chache, miguu ikavimba na pumzi zikabana, hayo ni maji mwilini, na moyo au figo huenda zimechoka. Mjamzito aliyevimba uso, anayeumwa kichwa sana au kuona maluweluwe, apelekwe kituoni saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mtu mzima wa urefu wa mita 1.60 anafaa kuwa kati ya kilo 48 na 63. Hesabu hii haiwahusu watoto wala wajawazito. Pima kila mwezi kwa mizani ileile, andika kilo na tarehe kwenye daftari, na daftari hilo uende nalo kila unapomwona mhudumu wa afya.