Twahara ya Bani Israil: Namna Aliyetengwa Alivyorudishwa

Wengi wetu tukisikia kwamba sharia ya Bani Israil ilimtoa mgonjwa nje ya kambi, tunaona ukatili tu. Leo tutazame alivyorudishwa, kama inavyosimuliwa katika sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, kitabu walichonacho Mayahudi na Wakristo. Hatuchukui hukumu humo, tunataka kuelewa.

Kwanza, najisi haikuwa lazima dhambi. Aliyejifungua na aliyegusa maiti wote waliingia katika hali hiyo, na hakuna aliyekosa. Ni kama mwenye janaba kwetu: hasali mpaka aoge, lakini si mkosaji.

Pili, ibada haikuponya. Mwenye ugonjwa wa ngozi aliishi peke yake nje ya kambi. Kuhani ndiye aliyetoka kumkagua, na ibada ilianza akikutwa amekwisha kupona. Ndege mmoja alichinjwa juu ya maji ya chemchemi. Wa pili alichovywa katika damu hiyo, akaachiwa aruke. Mtu yule alifua nguo, akanyoa, akaoga, akaingia kambini, ila alikaa nje ya hema lake siku 7.

Tatu, siku ya 8 alileta sadaka. Kuhani alimpaka damu, kisha mafuta, kwenye ncha ya sikio la kulia, kidole gumba cha mkono wa kulia na cha mguu wa kulia. Sura ya 8 yaeleza kuwa Harun (a.s.) na wanawe walipakwa damu sehemu hizo hizo walipowekwa wakfu. Aliyekuwa nje kabisa alipokewa kwa alama ya walio ndani kabisa. Maskini alipunguziwa sadaka, mwana-kondoo mmoja na njiwa wawili badala ya wana-kondoo watatu, lakini alama haikupunguzwa.

Hapa ndipo penye funzo. Mwenzetu akiugua kifua kikuu, akatibiwa, daktari akamruhusu, anarudi bwenini. Ikifika futari, je, nani anakaa naye sinia moja? Dawa imemponya, kumrudisha ni kazi yetu.

Maswali ya darsa:
1. Kwa nini kuhani alitoka nje ya kambi kumkagua?
2. Katika jumuiya yetu, nani amepona lakini bado yuko nje ya kambi?

Wallahu a'lam.