Lucius au Luci?

Swali: Mbwa wangu anaitwa Lucius. Rafiki aliyesoma seminari anasisitiza nimwite "Luci". Kweli?

Jibu: Kweli kabisa. Jina la Kilatini hubadilika mwishoni kulingana na kazi yake katika sentensi. Lucius analala, unamlisha Lucium, lakini ukimwita ni Luci! Majina ya -ius huitwa kwa -i. Ya -us tu huchukua -e, kama Marcus, Marce. Mengine mengi hayabadiliki unapoita: Felix, Stella, hata Issa, mbwa jike aliyesifiwa na mshairi Martialis huko Roma. Kanisani wangetamka "Luchi". Warumi wa kale walisema "Luki", nami naipenda zaidi hiyo. Chagueni moja, nyumba nzima imwite hivyo, asije akachanganyikiwa.