Kuku wa Kienyeji: Je, Tunalipia Nini?

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

Katika ukurasa wetu wa mafunzo nataka tuchunguze jambo ambalo watu hulifanya kila siku bila kulifikiria. Mbona mtu amwache broila wa bei nafuu, amnunue kuku wa kienyeji ambaye ni mwembamba, hukawia kuiva, na tena ni ghali? Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Je, methali hii ni kweli kwa nyama?

1. Bei inatoka wapi?
Broila huchinjwa akiwa na wiki 6 hivi. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula huhitaji miezi 5 au 6, pengine zaidi, ndipo afae kuuzwa. Muda huo wote mwewe anamnyemelea, na kideri kinaweza kufagia boma zima. Kwa hivyo kuku anayefika sokoni amebeba pia hasara ya wenzake waliokufa. Tuseme, kwa mfano tu, broila ni shilingi 500 na wa kienyeji ni 900. Zile 400 za ziada si tamaa ya mfugaji. Ni muda na ni jasho.

2. Mnunuzi anatafuta nini?
Kwanza, ladha. Kuku aliyetembea na kukomaa huwa na nyama ngumu kidogo na mchuzi mtamu. Pili, heshima. Kule kwetu Magharibi, mgeni wa maana huchinjiwa kuku, na ukimwekea mkweo broila mezani, utasemwa! Tatu, afya. Hapa tuwe waangalifu. Wengi husema ati broila hudungwa homoni. Ukweli ni kwamba yeye hukua haraka kwa sababu ya mbegu iliyoteuliwa miaka mingi na chakula chenye nguvu. Hofu yenye msingi ni ile ya antibiotiki. Dawa hizi zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku binadamu akiugua hazimsaidii. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwapa mifugo antibiotiki za kuwakuza haraka, kuanzia mwaka 2006.

3. Methali inapokwama
Waama, kuku akishachinjwa na kunyonyolewa, hasemi alikula nini. Ladha utaijua nyumbani, pesa zikiwa zimekwenda. Dawa aliyopewa hutaijua kamwe. Mnunuzi anauziwa mbuzi kwenye gunia.
Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika. Alieleza kwamba muuzaji akijua ubora na mnunuzi asijue, mnunuzi huogopa kulipa bei kamili. Wenye bidhaa nzuri huona hasara na kujiondoa, wabaya wakabaki. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mawazo yake yanaingia sawasawa katika tenga la kuku.
Siku hizi kuna kuku walioboreshwa, kama wale wa kituo cha KALRO cha Naivasha, na Kuroiler aliyetoka India. Hawa si kuku wabaya, na wamewainua wafugaji wengi. Ubaya ni kumfungia kuku ndani, kumlisha chakula cha dukani tangu kifaranga, kisha kumwuza kama aliyejitafutia shambani. Anayeumia ni yule mama aliyengoja miezi 6. Akiambiwa, "Hata hawa wengine wanaitwa kienyeji, punguza bei," atajibu nini?

4. Neno na maana yake
Sisi wana Kiswahili tulitazame neno lenyewe. "Kienyeji" linatokana na "mwenyeji". Linaeleza asili ya kuku, basi. Halisemi lolote kuhusu dawa wala chakula. Kilimo hai ni jambo jingine: chakula kisichokuzwa kwa kemikali, nafasi ya kutoka nje, na mfugo kutopewa dawa za kumkuza. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubali viwango vya pamoja vya mazao ya namna hiyo, na alama yake huitwa Kilimohai. Ili kuitumia, mkulima sharti akaguliwe. Ukaguzi una gharama, kwa hivyo wakulima wadogo wanaweza kuungana katika vikundi na kukaguana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa ufupi, ile pesa ya ziada ni bei ya uaminifu. Watu wako tayari kulipa, lakini hawako tayari kudanganywa. Neno likipoteza maana, bei nayo hupoteza sababu. Basi ukitumwa sokoni, muulize muuzaji mambo matatu: kuku huyu ana umri gani, alikula nini, na alipewa dawa lini? Asiye na la kuficha atakujibu.

Maswali ya kujadili chamani
(a) Eleza tofauti kati ya "kuku wa kienyeji" na "kuku wa kilimo hai".
(b) "Kizuri chajiuza." Jadili ukirejelea soko la nyama.
(c) Nani anafaa kulipia ukaguzi: mfugaji, mnunuzi au serikali? Toa sababu.